Njegere za Koko Silantoi

Koko Silantoi alitupangisha chumba, akatupa na banda la uani, kwa sharti moja tu.

"Kuku wako sina neno nao, mama Salwa. Lakini nikipanda, wafunge. Mpaka majani yafike hapa." Akaonyesha kifundo cha mguu kwa ncha ya fimbo yake.

Koko ni bibi. Huku juu ya Sakina, ukishaiacha barabara ya Nairobi ukaanza kupandisha kuelekea mlimani, hata sisi tuliozaliwa mjini, Daraja Mbili, ulimi unageuka wenyewe tunaita hivyo. Nikamwambia sawa, koko, nitawafunga. Na nilimaanisha.

Mwezi wa tatu mvua zikaja na ukungu wake. Koko akatandika gunia chini, akapiga magoti, maana miguu haimbebi tena, akapanda njegere zake kwa kijiti kwenye bustani ya nyuma ya nyumba. Hapandi kwa mstari. Shimo hapa, mawili pale karibu na jiwe, halafu anaruka kidogo, kama mtu anayepanga viti vya wageni huku akijua nani hapatani na nani. Zilikuwa njegere ndogo za kijivu, kila moja na doa jeusi. Alizitoa kwao alipoolewa, zimefungwa kwenye pembe ya shuka, na tangu hapo hajawahi kununua mbegu. Jua la mwaka jana lilikuwa limezimaliza karibu zote.

"Si za dukani zipo, koko?" nilimuuliza.

"Za dukani zinataka dawa. Hizi zinataka baridi tu, na baridi hapa tunapewa bure."

Siku ya tatu ya kuwafungia kuku ilikuwa Jumatano. Koko alikwenda kanisani kwenye kikao cha akina mama. Ukungu ukafunguka, jua likatoka la kwanza baada ya wiki nzima, na kuku wangu watano wakaanza kulia bandani kama watoto walioachwa nje ya mlango. Nikawaonea huruma. Nikasema dakika kumi tu. Nikafungua, wakaenda upande wa kuni, wakajitandaza kwenye jua, nami nikakaa kizingitini na daftari langu la baiolojia. Nasoma masomo ya jioni. Niliacha shule kidato cha pili, na Khalfani, mume wangu, akirudi kutoka gereji ndiye anayebaki na mtoto.

Salwa alikuwa anaota meno. Usiku kucha hakulala. Pale jua lilipompata akalegea mapajani mwangu, mdomo wazi, akalala usingizi ule mzito ambao mama anauombea. Ndipo nikasikia nyuma ya nyumba: kwaru, kwaru, kwaru.

Nilijua. Hapo ndipo ninaporudi kila mara. Sikudhani ni upepo wala sikudhani ni mbwa wa jirani. Nilijua ni kuku, na nilijua wako wapi. Nikakaa, kwa sababu mtoto alikuwa amelala.

Nilipokwenda, udongo wote ulikuwa umechakurwa. Nikapekua kwa vidole kuanzia ukingo hadi ukingo, sikupata hata punje moja.

Wiki ile ile mwalimu wetu, Aminieli, alikuwa ametuchorea kuku ubaoni. Chakula, alisema, hakiendi moja kwa moja. Kinasubiri kwanza kwenye kifuko cha shingoni, kizima kizima, ndipo kinashuka kidogo kidogo kwenye filigisi na kusagwa. Nikawakamata mmoja mmoja, nikawapapasa chini ya shingo. Watatu vifuko vilikuwa laini, vya majani. Lakini yule pora, jogoo mchanga aliyeanza kuwika juzijuzi, alikuwa kama mfuko wa shanga. Na Kishungi pia.

Kishungi ndiye aliyeanzisha banda lile. Mama yangu alimleta siku ya arobaini ya Salwa, kuku mwekundu mwenye kishungi kichwani, anataga bila kuchoka. Salwa alijua kusema "Kishu" kabla hajajua kusema "baba".

Kwetu kuchinja tunawaachia wanaume, lakini mwanaume yuko gereji na filigisi haisubiri mtu. Nikapiga bismillahi nikachinja mwenyewe. Jirani yetu, mama Gadiel, akachungulia juu ya ua.

"Wewe mama Salwa! Jumatano, saa tano asubuhi, kuku wawili? Umepata mgeni au umepata wazimu?"

"Mgeni."

"Mgeni gani huyo wa kuchinjiwa kuku anayetaga?"

"Mkubwa tu."

"Haya. Akiondoka mkubwa wako, supu usinisahau."

Nilipasua vile vifuko kwenye sinia. Kwa Kishungi nilipata njegere kumi na nne, kwa pora tisa. Zimevimba kidogo, zina joto la mwili bado. Nikazisuuza, nikazirudisha ardhini mbiombio, nikasawazisha udongo kwa kiganja. Ndani yangu kulikuwa na kitu kama furaha. Nilijiona nimeokoa. Nilijiona nimesoma.

Koko alirudi jioni, akapita kwake kwanza, kisha akaja kusimama mlangoni pangu kupumzisha miguu.

"Shikamoo koko."

"Marahaba. Unanuka manyoya."

"Nimechinja, koko. Nikuwekee?"

"Mimi na ndege!" Akacheka. Kama wazee wengi wa Kiarusha wa rika lake, kuku hajawahi kumtia mdomoni. "Kuleni wenyewe. Bustani haijaguswa?"

"Haijaguswa, koko."

"Afadhali. Kesho nakwenda Nduruma kwa Namnyaki, mwanangu. Kila mwaka ananililia hizo njegere nami namnyima. Nilibakiza kiasi kwenye kibuyu, nilisema zikiharibika za hapa nirudishie. Sasa kama za hapa ziko salama, acha nimpelekee yeye."

Kibuyu alikuwa nacho mkononi. Akakitikisa, kikalia.

Sikujua kama alibakiza. Neno lilifika kwenye meno yangu. Ningesema, "Koko, ngoja." Maneno mawili tu, hata matatu si lazima. Lakini Salwa alikuwa anazunguka banda anaita Kishu, Kishu, na mimi nilikuwa nimechoka kuwa mtu aliyekosea. Nikamwambia, "Msalimie sana Namnyaki."

Alikaa huko siku kumi na saba. Kila asubuhi nilikwenda kuinama kwenye ule udongo. Kati ya ishirini na tatu zikaota saba.

Siku aliyorudi hakupita hata ndani. Nikamkuta ameegemea fimbo, anaangalia.

"Mama Salwa."

"Abee koko."

"Hizi njegere zangu nazo zinasoma masomo ya jioni?"

Sikuelewa.

"Zimepanga mstari," akasema. "Mimi nimepanda miaka hamsini, sijawahi kupanda mstari."

Nikapiga magoti palepale kwenye tope, nikamwambia yote, kuanzia jua lilipotoka. Hata ile ya kukaa huku nasikia, nikaisema. Akanisikiliza bila kugeuza uso.

"Na Kishungi ulimchinja?"

"Ndiyo, koko."

"Masikini. Alikuwa na adabu yule." Akaligusa chipukizi moja kwa ncha ya fimbo. "Kuku anachakura, ndiyo kazi yake. Na mtoto akilala, nani anamwamsha? Hayo nisingekugombeza sana. Lakini jioni ile nilikuuliza. Kibuyu nilikuwa nacho mkononi, mama Salwa."

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Mwezi wa tano Namnyaki alipiga simu. Nduruma ni chini, tambarare, joto na upepo wa vumbi. Njegere zilitoa maua mazuri, akasema, halafu yakadondoka yote. Hata ganda moja halikufunga. Koko aliniambia akiwa amesimama mlangoni, akaingia kwake, akafunga.

Kwa hiyo zikabaki zile saba. Konokono wakala moja, zikabaki sita. Nilizisimikia vijiti, nikazizungushia chandarua kikuukuu, na kuku watatu waliobaki hawakuonja jua bila mimi kuwa nimesimama nao. Maganda yalipojaa, Salwa alining'ang'ania kanga akitaka moja. Moja tu. Akalia mpaka akakwama pumzi, nami nikamnyima. Mtoto wangu alilia njegere moja kwa sababu ya neno langu moja.

Mwezi wa saba, baridi imekaza na mlima hauonekani, Koko akaniita jikoni kwake. Alikuwa amezikausha njegere kwa moshi juu ya meko, sasa anazichanganya na majivu. Zilikuwa punje hamsini na kitu. Akazigawa mafungu mawili, moja akalirudisha kwenye kibuyu chake. La pili akalitia kwenye kibuyu kidogo kipya, akakifunga kwa gunzi, akanipa.

"Hizi ni za kubakiza. Mwaka kesho mimi nikipanda, wewe hizi hupandi, hupiki, humpi mtu. Ni za siku nitakayokuuliza kitu ukashindwa kunijibu kweli."

Nikakipokea kwa mikono miwili. Kiko juu ya kabati, nyuma ya madaftari yangu.

Siku hizi hakuna kitu kwenye ile bustani ila figiri na sukuma, na kuku wamefungwa. Lakini jioni akipita na fimbo yake bado ananiuliza, "Haijaguswa?" Sijibu hapo hapo. Namshusha Salwa mgongoni, hata kama amelala, nakwenda nyuma ya nyumba naangalia kwanza.