Chaki ya Buluu kwenye Mtambo

Siku ile mjinga alikuwa Mkaguzi, na hilo tulimalize hapa hapa tusije tukasumbuana mbele ya safari. Hakuwa dereva aliyemzungusha, wala mlinzi wa getini aliyempigia saluti mpaka kofia ikamdondoka. Alikuwa yeye mwenyewe, kitambulisho shingoni, kofia ngumu kichwani, mtu aliyezoea kujigamba mbele ya mashemeji zake kwamba mtambo hauwezi kumdanganya anayejua kuusikiliza. Na kweli mtambo haukumdanganya. Maskini mtambo ulijitahidi kumwambia ukweli, ni yeye aliyeziba masikio kwa pilau la watu.

Kazi yake ilikuwa hii: kabla kampuni haijapewa leseni ya kufua umeme na kuiuzia serikali, lazima mtu aende akaone kama mitambo ipo. Ukiisikia unaweza kucheka, lakini kwenye karatasi kila kampuni ina mitambo, na yote inang'aa. Kwa hiyo Mkaguzi huenda, huomba iwashwe, huisikiliza, husoma vibao vyake, kisha hutia sahihi. Bila sahihi hiyo bodi ya leseni haikai.

Alikuwa na mtindo wake ambao hakufundishwa chuoni. Akishaumaliza mtambo, huinama kwenye bawaba ya chini ya mlango wa injini, mahali ambapo hakuna mwenye suruali safi anayetazama, akachora kifungo kidogo cha shati: duara na matundu mawili ndani. Maana yake, huu tayari, usiuguse tena. Aliuanza ujanani, baada ya kuhesabu pampu moja mara mbili na kutaniwa na wenzake mpaka akatamani kuhama idara. Chaki yenyewe aliiiba nyumbani. Mkewe ni fundi cherehani, na chaki ya fundi cherehani, ile bapa ya buluu, hushika vizuri kwenye chuma na haifutiki kwa upepo. Ndoa yao ilikuwa na amani katika mambo yote isipokuwa chaki.

Kampuni hiyo iliomba leseni ya vituo viwili, kimoja nje kidogo ya mji, kingine ng'ambo ya vilima. Aliyempokea ni wakala wao, mtu wa makamo ambaye ofisini walimwita Tabasamu kwa sababu meno yake yalifika mahali kabla ya viatu. Kituo cha kwanza kilikuwa safi. Majenereta meupe, makubwa kama makontena, yamepangwa mstari mmoja kama wanafunzi wa paredi, kila moja juu ya tela lake.

"Naona yana matairi," alisema Mkaguzi.

"Ndiyo mtindo wa kisasa, mzee wangu. Leo yapo hapa, dharura ikitokea yapo kule."

Mkaguzi akatikisa kichwa kwa kuridhika. Tena akayasifu matairi yenyewe. Hapo ndipo ungemshika shati ukamwambia, ndugu yangu, rudia maneno ya huyo bwana polepole. Lakini hukuwepo.

Akayawasha, akayasikiliza, akanakili namba za vibao, akachora vifungo vyake. Kwenye jenereta la mwisho chaki ilibaki punje, akaisagia yote kwenye tundu la pili la kifungo, akapangusa vidole kwenye suruali. Kisha wakaenda kula.

Chakula hicho kilikuwa kirefu. Kila alipotaka kuinuka, Tabasamu alisema bado matunda, bado kahawa, bado kuna mtu anataka kukusalimu. Barabara fupi ya vilimani nayo ilikuwa imefungwa, wakamwambia, kuna matengenezo, tupitie ya zamani. Wakapita ya zamani, dereva akiendesha kama amebeba mayai, na Mkaguzi akasinzia kidevu kifuani.

Kituo cha pili kilikuwa kama cha kwanza: mstari ule ule, weupe ule ule. Hilo halikumshangaza, kiwanda kimoja, rangi moja. Aligusa jenereta la kwanza akalikuta la moto.

"Tumekupashia mapema usisubiri," alisema Tabasamu.

"Mmefanya vizuri."

Akanakili namba ya kibao, namba mpya kabisa. Akainama kwenye bawaba kuchora kifungo chake, bila kukumbuka kwamba chaki imekwisha, na kifungo kipo. Buluu, na matundu yake mawili, kinamtazama. Sasa mtu mwingine angeruka. Mkaguzi, aliyeshiba, jua la mchana likimchoma kisogoni, alifanya kile ambacho mikono yake ilikuwa imezoea kukifanya maisha yake yote ya kazi: akiona kifungo, anasema huu tayari, anapita. Akaenda la pili, tayari. La tatu, tayari. Moyoni akajipongeza kwamba leo anafanya kazi haraka hata hajijui. Akatia sahihi juu ya boneti ya gari, akapewa maji baridi, akarudishwa mjini.

Jioni umeme ulikuwa umekatika mtaani, kama ilivyokuwa desturi yake. Mkewe alikuwa barazani na pasi ya mkaa, akinyoosha sare za shule ambazo wenyewe walishazifuata wakaambiwa warudi kesho, na kesho yake pia. Cherehani yake ya umeme ilikuwa imefunikwa kitambaa kama mgonjwa.

"Baba watoto, nipe chaki yangu nikate hili koti kabla giza halijaniingilia."

"Imekwisha, mama."

"Imekwisha vipi? Asubuhi ilikuwa nzima."

"Kazi ya serikali. Imeishia kituo cha kwanza, jenereta la mwisho. Nimeimaliza yote, hata unga wake uko hapa." Akamwonyesha suruali.

Mkewe akatazama suruali, akapuliza mkaa. "Na kile cha pili ukachora kwa chaki gani?"

"Sikuchora. Yalikuwa na alama tayari."

"Aliyeziweka nani?"

Pasi ikapita juu ya ukosi wa shati, ikarudi.

"Nauliza tu," alisema mkewe. "Maana kama una mwenzako anayezunguka nchi nzima na chaki za buluu akichora vifungo, na yeye nataka nijue anamwibia mke wa nani."

Hapo yakamjia yote kwa mpigo: matairi, kahawa, barabara ya zamani, joto la injini. Alikaa chini kwenye kibao cha kufulia. Wakati yeye anamenya chungwa, majenereta yalikuwa yanakata vilima kwa barabara fupi, na njiani mtu anayabadilishia vibao. Serikali ingelipia vituo viwili, mtaa wake ungebaki na giza la kituo kisichokuwepo, na katikati ya mambo hayo yote palikuwa na sahihi yake, nzuri, yenye mkia.

"Wamenizungusha," alisema.

"Wamekulisha pia?"

"Wamenilisha."

"Kizuri?"

"Kizuri sana."

"Basi hata mimi ungenifungia kidogo," alisema mkewe, akageuza shati. Alipoona mumewe hacheki, akaweka pasi kando. "Sahihi yako si unaweza kuitoa?"

"Kesho bodi inakaa. Mkaguzi husimama mbele ya watu akasema nathibitisha, ndipo leseni itoke. Nikikataa, lazima niseme kwa nini."

"Na kwa nini ni kwamba…"

"Kwamba mimi ni mjinga."

Mkewe akalifikiria hilo bila haraka. "Mimi nimelijua siku zote na bado tunakula pamoja," alisema. "Watu watazoea."

Asubuhi alimkuta mkurugenzi wa leseni ofisini kwake. Walimwita Kiyoyozi, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akitoka jasho, hata lifti ilipokwama naye ndani. Alimsikiliza mpaka mwisho, vidole vimeshikana juu ya meza, kisha akauliza kwa upole:

"Nani mwingine amekiona hicho kifungo?"

"Mimi peke yangu."

"Basi hakipo."

"Kipo, bosi. Twende na gari sasa hivi, utakiona."

"Tukienda tutakuta yameoshwa. Au tutakuta yapo kituo cha kwanza na kile cha pili kinafanyiwa matengenezo. Wewe mtu mzima, mambo haya unayajua." Akamsogezea kiti, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu aingie madarakani. "Sikiliza, ndugu yangu. Sahihi ikishatoka mkononi mwako si yako tena, ni ya ofisi. Leo ukisimama useme umedanganywa, hawatauliza nani amekudanganya. Watauliza nani alikupa kofia ile ngumu. Watakufuta. Na mimi sitaweza kukutetea."

"Hujawahi kunitetea, bosi. Sitaona tofauti."

"Unafanya utani."

"Nikiacha utani nitalia, na hapa ndani ni baridi, machozi yataganda."

Kiyoyozi hakucheka. "Kuna likizo yako ambayo hujachukua. Ichukue leo. Mtu mwingine atasoma taarifa yako, atathibitisha kwa niaba yako. Wewe nenda nyumbani, msaidie mkeo kupiga pasi."

Mkaguzi alifika mpaka mlangoni na likizo hiyo kichwani, na tusimsingizie ushujaa: ilimvutia. Aliiona kabisa, godoro, redio, watu wengine wakibeba mzigo. Alishika kitasa. Kilichomrudisha si wananchi wala taifa, alikuja kusema baadaye. Ni zile sare. Aliona atakuwa amelala pale, na barazani pasi ya mkaa inakwenda inarudi, mwaka baada ya mwaka, na mkewe hatasema neno, na hilo la kutosema neno ndilo lingemmaliza.

"Likizo nitaichukua mkishanifuta," alisema. "Nitakuwa na nafasi."

Ukumbi wa kikao cha bodi ulijaa: waandishi, wenye viwanda vidogo, vinyozi, wauza samaki wenye majokofu yaliyozima. Mkewe alikaa viti vya nyuma na koti la mtu mapajani, akishona vifungo kwa mkono, maana hakuwa mtu wa kukaa bure. Mwenyekiti wa bodi alikuwa mama mkavu mwenye miwani iliyofungwa kamba, na alikuwa na sifa ya kusoma kila alichoandikiwa, sifa ambayo ilikuwa imemcheleweshea vyeo viwili. Tabasamu aliwasilisha ombi kwa sauti ya mtu anayeuza asali. Vituo viwili, giza kwisha, viwanda kunguruma. Watu wakapiga makofi, na nani angewalaumu.

"Mkaguzi athibitishe," alisema Mwenyekiti.

Mkaguzi akasimama. Kiyoyozi, mstari wa mbele, aligeuza shingo taratibu akamtazama.

"Sithibitishi."



"Hapa nina sahihi yako," alisema Mwenyekiti.

"Ni yangu, mama. Niliitia nikiwa nimeshiba." Watu wakacheka, naye akawaacha wacheke mpaka mwisho, maana alijua ndiyo malipo yake. Kisha akawaeleza yote bila kujipaka poda: matairi aliyoyasifu, usingizi wa njiani, kifungo cha buluu, chaki iliyokwisha kituo cha kwanza ikaonekana kituo cha pili. Kila kipande walicheka. Ila kadiri alivyoendelea kicheko kilibadilika, kikawa kizito, na wauza samaki walikuwa wa kwanza kuacha.

"Siombi mniamini mimi," alimalizia. "Wala msiende kutafuta kifungo, watakuwa wamekiosha. Ombi langu ni jepesi. Vituo viwili viwashwe kwa wakati mmoja. Mwenyekiti asimame kwenye kimoja, mimi nisimame kwenye kingine, tupigiane simu."

Mwenyekiti akashusha miwani. "Mwombaji, mnaweza?"

Meno ya Tabasamu yalibaki mahali pake, lakini macho yalishaondoka. "Bila shaka tunaweza, Mwenyekiti. Kwa wakati wake. Kuwasha vyote kwa pamoja kunahitaji maandalizi ya kitaalamu, na ratiba…"

"Maandalizi gani?" aliuliza kinyozi mmoja kutoka nyuma. "Ya magari?"

"Utulivu," alisema Mwenyekiti, ingawa hakuonekana kukasirika.

Kiyoyozi akainuka. Kwa mara ya kwanza tangu wamjue, alikuwa amefungua kifungo cha juu cha shati. "Mwenyekiti, kwa heshima zote, ofisi yangu inasikitika. Taarifa ya ukaguzi ilitolewa kihalali, ikatiwa sahihi kihalali. Tusiivuruge kwa hadithi za chaki."

"Hasa," alidaka Tabasamu, akiona kamba imerushwa. Akamgeukia Mkaguzi, sauti ya asali imekwisha. "Mzee, umesimama mbele ya umati huu ukasema kwa kinywa chako wewe ni mjinga. Umelala garini, umeona alama hukujua ni yako, umesaini huku umeshiba. Sasa bodi hii iache kazi ya wataalamu isikilize neno la mjinga?"

Ukumbi mzima ukamgeukia Mkaguzi. Nyuma kabisa, sindano ya mkewe ilikuwa imesimama hewani.

"Hapana, wasilisikilize," alisema Mkaguzi. "Wachukue neno langu la leo walitupe, na hiyo sahihi mnayoikumbatia waitupe pia, kwa sababu mjinga aliyeitia ndiye huyu huyu."