Breki Inayokamata Langoni

Ubwa alifungua breki ya nyuma ya pikipiki ya Simai, akakanyaga pedali mpaka pistoni ikachomoza, akaichomoa. Haikuwa na kutu. Akaisugua hata hivyo, akatia mpira mpya na mafuta mapya, akatoa upepo. Gurudumu likazunguka kwa kidole kimoja.

"Juzi pia ulisema imepona, fundi."

"Na ilipona. Inakamatia wapi?"

"Langoni kwa hoteli. Palepale kila siku."

"Basi kibovu ni hapo, si pikipiki."

Simai hakucheka. Mkewe, Khairat, alikuwa katika mwezi wake wa kujifungua, na njia ya hospitali ni hiyo moja.

Asubuhi ya pili uchungu ukamshika. Simai akampakia. Walipofika langoni gurudumu la nyuma likafunga, likachora mstari mweusi barabarani. Simai akalegeza skrubu ya kutolea upepo ili pistoni irudi. Yalitoka marashi, yale ya kumwagia kaburi. Pistoni haikurudi.

"Msisimame hapo," alisema Mbarouk, mlinzi. "Wageni wanaingia."

"Imekamata."

"Pikipiki za wenye watu wao humu zote hukamata. Toeni salamu."

Uwanja wa magari wa hoteli zamani ulikuwa makaburi. Tangu ujengwe ukuta, Simai alikuwa akipita kimya. Aliona haya kusalimia magari.

"Assalamu alaykum, watu wa makaburini," akasema.

Gurudumu likalegea kidogo, likashika tena. Khairat akaegemea ukuta, jasho linamtoka.

"Mama, nnakwenda kujifungua."

Bi Thuwaiba, mamake aliyezikwa humo, aliuliza kutoka chini ya gari jeupe, "Umekula?"

"Nshakunywa uji."

"Haya, nendeni. Simai, usikimbize."

"Naam, mama."

Pistoni ikarudi. Wakafika, ingawa kwa shida. Mkunga alimpokea Khairat mlangoni. Alizaliwa mtoto wa kike.

Baada ya arubaini walimleta kwa bibi yake. Mbarouk alisema amri ya hoteli ni kuingia marufuku, salamu ziwe fupi. Simai akamnyanyua mtoto juu ya ukuta.

"Mama, mjukuu wako huyu."

"Simuoni," alisema Bi Thuwaiba. "Gari linanidondoshea oili machoni."

Khairat akamtazama mlinzi.

"La meneja hilo," alisema Mbarouk. "Hapo ndipo pake."

Walisubiri kidogo, huenda meneja akatoka. Gari jingine lilikuja nyuma yao likapiga honi. Simai akampakia mkewe na mtoto, akaijaribu breki. Ilikuwa nzima.