Masharti ya Pepo wa Sihaba

Homa ya kidingapopo ilipoingia Bagamoyo masika ile, haikuchagua mlango. Ilimlaza imamu, ikamlaza na mpiga zumari, viungo vikawauma watu kama waliotwangwa kinuni. Baada ya wiki hivi kila mtu akainuka, akaanza kusimulia alivyoponea chupuchupu.

Sihaba naye aliinuka. Nguvu zake ndizo hazikuinuka naye.

Nyumba yake ya mtaa wa Dunda, ukipita bila kuingia lazima useme sababu. Mumewe Haji alishona barazani kwa cherehani yake, na uani wanawake hawakukatika, huyu kaja kuomba moto, yule kaja kuleta maneno. Sihaba hakuwa na raha nyingine duniani. Sasa kupuliza makaa ya kahawa tu kulimwacha kama mpagazi aliyetua gunia. Miezi ikapita, miguu bado ya uzi.

Na wageni ndio kwanza waliongezeka, maana mgonjwa hujuliwa hali. Kila aliyepiga hodi, Sihaba aliinuka, akatandika mkeka, akateleka kahawa, akajibu salamu za mtu na za ukoo wake wote. Wakishaondoka, alianguka kitandani na kanga yake ya kutokea.

Balaa zaidi ni kwamba siku nzuri zilikuwapo. Ijumaa moja aliamka mwepesi, akaenda harusini Mangesani, akacheza mpaka akasahau kuwa alikuwa mgonjwa. Kesho yake hakuweza kuinua bakuli. Alipokuja kutoka tena nje, bibi harusi alikwisha kugombana na mama mkwe wake, wakapatana, wakagombana tena.

"Ugonjwa wa Sihaba una adabu," mmoja alisema kisimani. "Siku ya harusi humpa ruhusa."

Maneno hayo yalimfikia Haji. Yakafuatiwa na mengine, kuwa kuna mjane kule Miono, ana mikono ya kazi, na mume hakatazwi kuongeza. Haji alizidi kukanyaga cherehani.

Aliyesimama kumtetea Sihaba ni wifi yake Mwanamvua, dada mkubwa wa Haji. Ila alimtetea kwa njia yake.

"Mke wa ndugu yangu si mvivu," alisema. "Ana pepo. Tutampigia ngoma siku tatu, acheze mpaka jasho limwishe. Bi Fatu nimekwisha kumwambia."

Bi Fatu ndiye aliyekuwa fundi wa kupunga pepo pale mjini. Sihaba aliposikia, alianza kupiga hesabu. Harusi moja ilimlaza muda wote ule, ngoma ya siku tatu je? Angeichezea wapi, na angeinukia wapi? Lakini akikataa, atakuwa amesema hana pepo. Na asiye na pepo wala homa, jina lake linajulikana, na Miono si mbali.

Siku moja Kibwana, dresa anayefunga vidonda dispensari, alikuja kujaribu kanzu yake kwa Haji. Mwanamvua akamvizia.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Hebu niambie, wifi yangu huyu mmempima damu, mkasema hana kitu. Ana nini?"

"Homa yenyewe imekwisha, bi mkubwa. Daktari anasema huletwa na kidudu kidogo mno, hata darubini yetu haikioni. Kidudu kinaondoka, lakini wengine mwili hubaki taabani miezi. Ni kama nyumba baada ya karamu. Wageni wamekwenda zao, masufuria bado."

"Hakionekani."

"Hakionekani."

"Huingia bila hodi."

"Ndiyo, bi mkubwa."

"Na humwacha mtu hoi. Sasa, Kibwana mwanangu, sisi huyo tunamwitaje?"

Kibwana, pini zimemjaa makwapani, alicheka kwa uangalifu.

"Mwite upendavyo. Ila huyu wa kwetu hapendi ngoma. Ukimchezesha mgonjwa, unamrudisha chini."

"Nyinyi wa dispensari pepo hamna dawa yake," alisema Mwanamvua, akajifunga kanga vizuri. "Ngoma iko palepale."

Nyuma ya pazia Sihaba alikuwa amesikia yote. Huyu wa kwetu hapendi ngoma. Alilala na neno hilo, akaamka nalo.

Alhamisi baada ya alasiri Bi Fatu alikuja na chetezo chake. Siku hiyo ilikuwa ya kumpandisha pepo kichwani tu, aulizwe jina na haja zake, kisha ngoma ipangwe. Watu walijaa uani mpaka ukutani. Sihaba aliketishwa juu ya kigoda, akafunikwa shuka nyeupe, moshi wa ubani ukamzunguka. Mle ndani ya shuka kulikuwa na joto, lakini kwa kweli alipumzika. Hakuna aliyetaka salamu.

"Karibu, bwana mkubwa," alianza Bi Fatu. "Wewe nani?"

Sauti ikatoka, nzito kuliko Sihaba alivyoipanga.

"Sina jina. Mimi mdogo mno, hata darubini hainioni."

Mwanamvua alishusha pumzi. Alitumaini walau ruhani, pepo wa kiungwana kutoka Maskati, lakini pepo ni pepo.

"Tukupigie ngoma gani?"

"Sitaki ngoma. Nikiisikia tu, nitamlaza huyu mwaka mzima."

"Wataka nini basi?"

"Kitanda cha kamba, hapa uani kivulini. Huyu alale, asiinuke kwa ajili ya mtu. Anayekuja ajipikie kahawa, na kikombe akioshe."

Wanawake wakatazamana.

"Kwa hiyo tusije?" mmoja aliuliza kwa unyonge.

"Nani kasema msije? Njooni, na habari mlete nzimanzima. Akifumba macho, nyamazeni."

"Na siku atakayojiona mzima?" aliuliza Bi Fatu.

Swali hilo Sihaba hakulitazamia. Akaikumbuka Ijumaa ya Mangesani.

"Siku hiyo ndiyo mmkalie macho. Mfungeni hata kwa kanga."

Bi Fatu aliinua shuka, akaingiza kichwa kama anayepuliza ubani. Macho yakakutana.

"Miye homa hii ilinipata zamani, wakati wa vita vya Mjerumani," alinong'ona. "Mwaka mzima. Sikuwa na akili ya kuyasema haya."

Akatoka, akawageukia watu. "Pepo mgumu huyu. Sharti lake msivunje hata moja."

Haji alikibeba kitanda mwenyewe. Cherehani nayo akaihamishia karibu na mlango wa uani, akasema barazani kuna vumbi. Walipomtajia tena Miono, alijibu, "Pepo hakutaja mke wa pili katika masharti yake. Siwezi kumwongezea."

Nguvu zilirudi polepole, kama maji ya kisima baada ya kiangazi. Ulipofika mwezi wa Mfungo Mosi, Ramadhani imekwisha, Sihaba aliweza kukuna nazi moja, na kesho yake asiilipie. Asubuhi nyingine alishika ufagio.

"Nakwambia leo najisikia mzima, wifi."

"Alisema utasema hivyo," alijibu Mwanamvua, akamnyang'anya. "Lala."

Sihaba akalala. Mara nyingine alijiuliza kama siku ile alisema yeye au alisemewa, na hakuwa na haraka ya kujua.

"Sukari mmeweka wapi?" mtu aliita kutoka jikoni.

"Kopo la buluu, nyuma ya unga," alisema Sihaba, akageukia ubavu wa pili.