Hoteli Isiyo na Wifi

Kama kuna mtu aliyejua kupanga safari ya mahali asipopajua, basi alikuwa Mama Mchanga. Hilo alilisema yeye mwenyewe, na kwa kuwa hakuna aliyembishia, akalichukua kuwa kweli. Sebuleni, pale palipokuwa na picha ya harusi, alibandika karatasi kubwa ya manila yenye ramani ya kuchapishwa ya pwani ya nchi ambayo hajawahi kuikanyaga, kisha akaipaka rangi kwa kalamu walizoacha wanawe walipooa. Nyekundu ilikuwa gofu, njano matembezi, buluu mapumziko. Picha ya harusi ilihamia jikoni, juu ya friji, bwana na bibi harusi wakabaki wanatazama masufuria.

Kazini alikuwa mpima macho. Siku nzima alikaa kwenye chumba chenye giza akiwauliza watu kama herufi zinaonekana vizuri zaidi hivi au vile, na jioni alirudi nyumbani akiwa na hakika kwamba dunia nzima haioni ila yeye. Mumewe alikuwa mpima ardhi. Majirani waliita kwao nyumba ya vipimo, na wenye midomo mirefu waliongeza kwamba wapimaji wawili wanaishi humo na bado mlango wa choo haufungi.

Jina la Mama Mchanga alilipata uwanjani. Daktari alimwambia atembee, naye akaona kutembea bila sababu ni kujitafutia maneno ya watu, kwa hiyo akaingia kwenye gofu. Aliyemfundisha ni wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, mjane na muuguzi mstaafu, ambaye uwanjani walimwita Radi. Radi akipiga mpira, watu waliokuwa shimo la mbele waligeuka kutazama. Mama Mchanga akipiga, mpira uliruka kidogo, ukajifikiria, ukaenda zake kwenye shimo la mchanga. Uwanja ulikuwa na majani eka na eka, lakini mpira wake haukuyataka. Wabeba fimbo wakampa jina, naye akalipokea kwa mikono miwili, akasema heshima ni kujulikana kwa jambo moja.

Kila Jumamosi Radi alikuja kumchukua kwa gari lake. Alipiga honi moja ndefu ya kuamsha mtaa, kisha akazungumza kuanzia kufunga mkanda hadi kuufungua. Alizungumza kuhusu wagonjwa wa zamani, bei ya mabati, magoti yake, na jinsi Mama Mchanga anavyoshika fimbo kama anafukuza kuku wa jirani. Mama Mchanga alimpenda. Pia kuna siku alitamani kumpaka gundi mdomoni.

Safari hii hakumhesabu, na hakumhesabu makusudi. Tangu mtoto wa mwisho aondoke nyumbani, yeye na mumewe walikula chakula cha jioni wakiwa watatu: yeye, mume na simu ya mume. Wateja waligombania mipaka hata saa ya kula, na mume, mtu mpole asiyejua kumkatia mtu simu, aliwasikiliza mpaka mchuzi ukaganda. Mama Mchanga alilalamika, lakini moyoni kilichomtisha kilikuwa kingine. Aliogopa kwamba siku simu itakaponyamaza, wao wawili hawatapata la kuambiana. Ndiyo maana akataka kujua mapema, mbali na nyumbani, mahali ambapo wakishindwa kuongea angalau wataitazama bahari. Bahari yenyewe hakuwahi kuiona, ingawa kwa jinsi alivyoizungumzia ungedhani amezaliwa na samaki.

Mume hachezi gofu. Kazi yake ingekuwa kumtajia umbali wa shimo, jambo analolifanya vizuri, na kunyamaza kuhusu matokeo, jambo analolifanya vizuri zaidi.

Wakala wa safari, msichana mwenye subira ya kulipwa mshahara mara mbili, ndiye aliyeipata hoteli. "Iko ufukweni kabisa, mama. Uwanja wa gofu uko mlangoni, mashimo mengine yanapita juu ya mwamba, chini yake maji. Ila nisikufiche, haina wifi. Wateja wengi wanaikataa kwa hilo."

Mama Mchanga almanusura aruke meza amkumbatie. Hoteli isiyo na mtandao! Laini ya mume haishiki nje ya nchi, kwa hiyo simu yake itakuwa tofali tu. Akalipia pale pale, akatoka nje, akasimama kwenye ngazi za ofisi, akaandika kwenye kundi la familia kwa vidole vilivyojaa furaha: "Jamani, hoteli nimepata! Bahari dirishani, gofu mlangoni. Na raha kuliko zote, HAINA WIFI! Mwaka huu tutapumzika kama watu."

Akaongeza vikaragosi vitatu vinavyocheza ngoma, asije mtu akadhani anatania.

Kundi likanyamaza. Yeye alidhani ni wivu. Jioni simu ikaonyesha kwamba Radi ametoka kwenye kundi, naye akasema wazee na simu bwana, atakuwa amebonyeza vibaya, akaendelea kupaka buluu.

Jumamosi alivaa kofia yake, akakaa kwenye ngazi za mlangoni kusubiri honi. Honi haikulia. Alisubiri hadi jua likamfikia magotini, kisha akakodi bodaboda, akabebwa, begi la fimbo likiwa limekaa mbele ya dereva kama mtoto mgonjwa. Uwanjani alimkuta Radi anacheza na mhasibu wa klabu na mkewe. Akampungia mkono. Radi aligeuka, akapanga miguu, akaupiga mpira ule kwa hasira ambayo mpira haukuwa na kosa la kuistahili. Mama Mchanga alicheza peke yake siku hiyo. Uwanja mzima ulikuwa kimya, na kimya kile alichokuwa akikitamani kila Jumamosi hakikumfurahisha hata kidogo. Alipoingia mchangani hakukuwa na wa kumcheka, ikabidi ajicheke mwenyewe, lakini halikuwa jambo lile lile.

"Dada yako ana nini na mimi?" alimuuliza mumewe alipofika nyumbani.

Mume alikuwa anachonga penseli. "Ulichoandika umekisoma?"

"Nimekiandika mimi, nikisome cha nini?"

"Kisome."

Akakisoma. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la blauzi, akaivaa tena, akasoma kama anavyowaagiza wateja wake, mstari kwa mstari. Raha kuliko zote, haina wifi. Tutapumzika kama watu.

"Mungu wangu," alisema. "Na vikaragosi vinacheza."

Kwanza alicheka mpaka mbavu zikamuuma. Yeye, mtu wa kuwapima wengine macho! Kisha akaacha kucheka, maana alikumbuka maneno aliyomwambia wakala alipokuwa akilipa: "Wawili tu, dada, tusije tukaongezeka." Alijua vizuri siku ile alikuwa anamfikiria nani. Neno lilikuwa la mtandao, lakini nia ilimhusu binadamu. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayopasha masikio moto.

"Wewe uliliona mapema," alimwambia mumewe, "ukanyamaza."

"Nilidhani mtayamaliza uwanjani."

Kesho yake alibandua ramani ukutani, akaikunja chini ya kwapa, akaenda kwa wifi yake. Alimkuta barazani, amekalia kigoda, anasugua vichwa vya fimbo zake kwa mswaki mkuukuu.

"Hodi, wifi."

"Karibu, kama unaweza kukaa mahali penye wifi."

Mama Mchanga akaketi sakafuni bila kukaribishwa kiti. Akaanza kueleza kwa kirefu, akionyesha picha za hoteli kwenye simu, akifafanua mtandao, mawimbi, nywila, na wateja wa mumewe wasiojua saa ya kula. Radi alisugua fimbo moja, akaiweka, akachukua nyingine.

"Umemaliza?" aliuliza.

"Nimemaliza."

"Mambo hayo niliyajua tangu katikati ya wiki. Mwanao mkubwa alinipigia, anacheka hadi anapaliwa. Akaniambia, shangazi, ni mtandao huo. Na mimi nikacheka."

"Sasa mbona jana umenipita kama hunioni?"

Radi akauweka mswaki chini. "Kwa sababu nilipojua ni mtandao, nikashusha sanduku langu kabatini. Nikalifuta vumbi. Nikakaa nasubiri unipigie uniambie tunaondoka lini. Nimesubiri mpaka Jumamosi. Ndipo nikaelewa kwamba niliposoma mara ya kwanza, nilisoma sawasawa."

 Mama Mchanga alikuwa amejiandaa kujitetea kwa kosa ambalo hakulifanya, na kwa lile alilolifanya hakuwa na hata nusu sentensi.

"Ni kweli," alisema hatimaye. "Sikukuhesabu. Nilitaka niende na mume wangu peke yetu. Wifi, watoto wameondoka, na mimi na kaka yako tukikaa mezani tunatazamana kama watu waliokutana foleni ya benki. Nilisema nikakae naye mahali nione kama bado tuna la kuongea. Naogopa."

 Radi alimtazama, na ule uso aliokuwa ameukaza tangu jana ukalegea.

"Mimi yule wangu alikuwa hasemi maneno kumi kwa siku," alisema. "Nilikuwa naongea mimi kwa ajili yetu wote wawili. Sasa hayupo, na maneno yenyewe hayajui kwamba hayupo. Yanatoka tu. Ndiyo unayoyasikia garini."

Mama Mchanga alipangusa pua kwa kiganja. Katika Jumamosi zote zile, hakuwahi kujiuliza maneno yale yalikuwa yanakwenda kwa nani.

"Hebu lete huo mpango wako," alisema Radi. "Nione ulivyonipangua."

Wakaitandaza manila sakafuni, fimbo nne zikashikilia pembe. Radi akaifuata kwa kidole. "Asubuhi gofu. Nyekundu, sawa. Halafu mnatembea kwenda kwenye mnara wa taa. Njano, sawa. Hapa katikati ni nini?"

"Buluu ni mapumziko. Tutapumzika njiani."

"Wifi."

"Naam."

"Hii buluu hukuipaka wewe. Imechapishwa. Hii ni bahari."

Mama Mchanga akainama mpaka pua ikagusa karatasi. Ulikuwa mkono mpana wa bahari ulioingia nchi kavu, na yeye alikuwa amepanga kuupita kwa miguu, tena baada ya chakula cha mchana.

"Kaka yangu ameiona ramani hii?"

"Ameiona."

"Mpima ardhi. Akasemaje?"

"Alisema mpango mzuri."

Hapo wote wawili walikwisha. Radi alicheka mpaka akateleza kutoka kwenye kigoda, akaja kukaa sakafuni na mwenzake, na kila mmoja alipotaka kunyamaza, mwingine alisema "mpango mzuri" wakaanza upya.

"Na mipira umeweka mingapi?" aliuliza Radi alipopata pumzi. "Mashimo ya juu ya mwamba, na hiyo mikono yako!"

"Nimeweka sita."

"Bahari itaimaliza kabla hujanywa chai." Akapangusa macho kwa upindo wa khanga. "Nenda na mumeo, wifi. Sikukatazi. Lakini nikuulize kitu kimoja. Mimi nisipokuwepo, wewe utakuwa wifi ya nani?"

Swali lile Mama Mchanga aliondoka nalo. Alilibeba njia nzima pamoja na ramani, na nyumbani, wakati wa kula, alimwambia mumewe yote, mpaka la kuogopa, ambalo hakupanga kulisema. Simu ikalia. Mume aliitazama, akaibandua mezani, akaenda kuiweka jikoni juu ya friji, mbele ya picha ya harusi. Aliporudi, alisema yeye pia alikuwa akiogopa, ndiyo maana alipokea kila simu. Kisha wakaendelea kula wakiwa kimya, na hakikuwa kimya kibaya.

Asubuhi iliyofuata Mama Mchanga aliingia ofisi ya wakala huku Radi akimfuata nyuma, anamweleza mlinzi wa mlangoni kuhusu magoti.

"Dada, tumeongezeka," alisema Mama Mchanga. "Tafuta chumba kingine."

Wakala akabonyeza kompyuta yake. "Kimebaki kimoja tu, mama, kiko mwisho kabisa wa korido, mbali na chenu."

"Hicho hicho!" Radi alidakia kutoka mlangoni. "Asubuhi nitawafundisha kupiga mpira, jioni sitaki kuwajua. Wakikosa la kuongea wasinigongee."

Wakala alitabasamu, akaanza kuandika, halafu kalamu ikasita. "Samahani, mama, niwakumbushe tena ili msije mkanilaumu. Ile hoteli haina wifi."

"Najua," alisema Mama Mchanga, akamshika Radi mkono. "Nakwenda na yangu."