Shanga Alizotunga Daktari Ekwam

Mara tatu Losike alimwuliza Nakeno swali lile lile, na mara tatu Nakeno akatoa uongo ule ule.

"Sindano ya mwisho mtoto alichomwa lini, mama?"

"Mwezi uliopita."

"Una hakika?"

"Mwezi uliopita, daktari. Hajakosa hata moja."

Losike, tabibu kijana aliyehamishiwa zahanati ile ya Lodwar miezi miwili tu nyuma, akaandika alichoambiwa. Juu ya kitanda Atiir, binti wa miaka tisa, alikuwa ameketi wima, kwa sababu kulala hakuweza. Kila alipojaribu kuegemea, pumzi zilimkwama kifuani kwa mlio wa maji yachemkayo katika chungu kilichofunikwa. Miguu ilikuwa imevimba, na shingo yake tupu ilionyesha mshipa uliokuwa ukirukaruka chini ya ngozi.

Losike alikuwa Mturkana, ingawa masomo yalimweka mbali na kwao miaka mingi. Aliitazama shingo ile, akaitazama na ya mama yake, tupu vilevile, na kichwa kilichonyolewa.

"Mnamlilia nani?"

"Baba," akasema Nakeno, na hilo kwake halikuwa uongo.

Mzee aliyemzaa Nakeno alifariki zamani. Baba aliyemtaja alikuwa Daktari Ekwam, aliyekuwa akizunguka na gari lake bovu kutoka Lodwar hadi Kakuma, na kutoka Kakuma hadi Nakalale na Kaaleng, akitibu watu mahali walipo. Kabla hajamgusa mgonjwa alimsalimu kwa Kiturkana, "Ejok?" kisha akauliza hali ya mbuzi, na jibu alilisikiliza hadi mwisho, kana kwamba mbuzi nao wamepanga foleni. Chombo cha kusikilizia moyo alikipasha joto kwapani mwake, kisije kikamshtua mtoto kwa baridi ya chuma. Siku alipoutambua ugonjwa wa Atiir, alimpa mtoto mwenyewe chombo kile ausikilize moyo wake.

"Unasikia? Moyo wako una mlango usiofunga sawasawa," alimwambia. Kisha akamgeukia mama. "Homa ya koo ndiyo iliyouharibu. Sindano hii haiutengenezi mlango, mama Atiir. Inazuia homa isirudi kuubomoa. Kila baada ya siku ishirini na nane. Usingoje arobaini."

Nakeno alicheka siku ile. "Daktari, mimi nahesabu mbuzi. Siku sizijui, hazina masikio ya kukatwa alama."

Kadi ya kwanza aliyoandikiwa ililiwa na mbuzi jike, na ya pili ikaozeshwa na jasho. Safari ya tatu daktari alifika na uzi wa shanga alioutunga kwa mkono wake, punje ishirini na saba nyeupe na moja nyekundu. Katikati ya punje alifunga kipande cha uzi mweusi. Kila asubuhi mama akisogeze punje moja. Kikigusa nyekundu, amlete mtoto.

"Haya," alisema akimvisha Atiir shingoni. "Siku zako nimezikata masikio."

Watu walimtania kwamba daktari ameacha sindano ameanza kuwa fundi wa shanga. Yeye naye alicheka, akaendelea kutunga, mpaka watoto wa aina ya Atiir wote, kotekote alikozunguka, wakawa na hesabu yao shingoni. Alijua alichofanya. Karatasi hupotea, lakini shanga za binti wa Kiturkana haziondoki mwilini, awe amelala, awe anaoga au yuko mbioni nyuma ya ndama.

Mwezi wa Aprili, mwaka ule wa elfu mbili na kumi na tatu, mvua ilinyesha milimani. Daktari Ekwam alikuwa akirudi kutoka Kaaleng, na laga, mkondo wa mto wa msimu, aliyoivuka asubuhi ikiwa mchanga mkavu ilimshukia jioni kwa ukuta wa maji. Gari lilipatikana siku ya pili, na mwili wake ndani. Daftari lake, lililokuwa na majina na tarehe za wagonjwa wote, halikupatikana.

Habari ilimfikia Nakeno dukani kwa Aluel, mkimbizi kutoka Sudan Kusini aliyekuwa akinunua makaa yake katika kambi ya Kakuma. Aluel alilia kwa sauti, kwani mwanawe Manyang naye alikuwa mgonjwa wa daktari yule. Nakeno hakulia. Alirudi kwake, akaketi chini, akaanza kujivua shanga zake safu baada ya safu, kama avuavyo mwanamke aliyefiwa na mtu wa damu yake. Kisha akamwita Atiir.

Mtoto aliushika uzi mmoja kwa mikono miwili. "Na hizi pia, mama? Hizi ni za daktari."

"Hizo hasa," akajibu Nakeno, akaukata.

Nesi Nestor, aliyekuwa msaidizi wa daktari, aliendelea kuja Kakuma na sindano zake, ingawa bila daftari hakujua nani amekosa na nani amechomewa kwingine. Mwanzoni Nakeno alijiambia kwamba atakwenda, siku bado. Kisha malisho yakamvuta upande wa Namoruputh, na Atiir akawa anakimbia vizuri kuliko hata ndugu zake, na mama akaona kwamba pengine ugonjwa umekwenda na mwenye kuuponya. Miezi mitatu ikapita bila alama. Aliporudi Kakuma kuuza makaa, Atiir hakuweza tena kutembea kutoka uani hadi barabarani.

Aluel ndiye aliyewapandisha kwenye lori lililokuwa likirudi tupu Lodwar. "Wewe nakaa hapa unangoja nini? Mtoto nazama hewani!" alimfokea. Kisha akaishika shingo ya Atiir. "Shanga iko wapi? Mimi nilidhani umevua ufue tu!" Nyuma yake Manyang alikuwa akifukuza mpira wa matambara, uzi wake wa shanga ukimrukaruka kifuani. Nakeno alimtazama mtoto yule mzima wa mwenzake, na moyoni mwake kukapita kitu ambacho hakuthubutu kukiita kwa jina.

Ndiyo maana alidanganya. Angemwambiaje mgeni yule mwenye koti jeupe kwamba kinga ya mtoto aliivua kwa mikono yake mwenyewe, tena kwa heshima?

Losike, akiamini sindano hazikukatika, alimtibu Atiir homa ya mapafu usiku kucha. Asubuhi midomo ya mtoto ilikuwa imegeuka rangi ya majivu. Nakeno alimsikia tabibu akizungumza mlangoni na Nestor, aliyeingia zamu asubuhi ile, nusu akijizuia, nusu akikata tamaa.

"Kama hakukosa sindano, basi si homa iliyorudi. Ni mlango wenyewe umekwisha, na sisi hapa hatuna la kufanya. Apelekwe Eldoret leo."

"Eldoret ni mchana kutwa barabarani, Losike. Na pumzi zile?"

"Sidhani zitavuka Kitale. Lakini unitajie lingine."

Nakeno aliinuka. Akawafuata mlangoni.

"Nimedanganya," alisema. "Tangu daktari afe hajachomwa. Nilizivua shanga. Nilimlilia, nikazivua."

Losike alimgeukia kwa uso uliowaka. "Nilikuuliza mara tatu, mama! Usiku mzima nimemtibu ugonjwa asio nao!" Kisha akakimbilia kabati la dawa. Alimdunga mtoto dawa ya kutoa maji mapafuni, akampa na za kuituliza homa ya moyo, na mwisho ikaja sindano ile nzito ya pajani, ambayo Atiir hakuwa na pumzi ya kuililia.

 Nestor aliketi kwenye ukingo wa kitanda kilichokuwa wazi, akaufunika uso kwa viganja.

"Wako ni wa nne," alisema hatimaye. "Wa Kaaleng na wa Nakalale walifika Jumatatu. Walikuja na shingo tupu nikadhani ni umaskini. Wa Namoruputh alifia njiani. Mimi nilishangaa kwa nini wanaanguka watoto wa mama waliompenda kuliko wote, na wa wengine wanacheza." Aliitazama shingo ya Atiir. "Alifikiria mbuzi. Alifikiria mvua na jasho. Mtu yule hakufikiria hata siku moja kwamba sisi tungemlilia kama baba."

"Waliobaki ni wangapi?" Losike aliuliza bila kugeuka.

"Daftari lilikwenda na maji."

"Mimi nawajua waliozivua," akasema Nakeno. "Siku ya mazishi tulikaa pamoja kaburini, shingo tupu. Nitakutajia kila mmoja na mahali anapochungia."

Akawataja, saba, na Nestor akaandika mgongoni mwa karatasi ya dawa. Kisha nesi akatoka, akarudi na kopo la maziwa ya unga lililokuwa la daktari. Ndani mlikuwa na punje zilizobaki na uzi. Aliliweka magotini mwa Nakeno, akaenda kutafuta gari la kuwafuata wale saba.

Nakeno alitunga. Nyeupe zikamponyoka, zikabingirika chini ya kitanda, akazifuata kwa magoti. Alipousogeza uzi shingoni mwa mwanawe, mkono ulisita, kwani matanga yalikuwa hayajavunjwa, na kumvisha mtoto kabla ya wakati ni kumtukana marehemu.

Atiir alifumbua macho. "Mama," alisema, akilitafutia kila neno pumzi yake, "tumemaliza kumlilia?"

"Bado."

"Mbona..."

"Tutamlilia umezivaa. Nyamaza, usizungumze."

Akaufunga uzi. Losike aliyekuwa ameinama na chombo kifuani mwa mtoto hakuinua kichwa, na Nakeno hakumwuliza alichokisikia mle ndani. Alikishika kipande cheusi, akakisogeza kikapita punje ya kwanza. Kutoka pale hadi nyekundu zilikuwa bado ishirini na sita. Mabega ya Atiir yalipanda, yakashuka. Nakeno akaishika punje ya pili kati ya vidole viwili, akangoja yapande tena.