Wote Wametoka

Mume wangu hakuwa mwizi. Nalitanguliza hili, ili mwenye haraka aondoke nalo.

Alikuwa fundi mwashi, na mtaani walimwita Pima, kwa sababu ile pima maji yake hakuiacha saiti hata siku moja. Wiki ya kwanza ya ndoa yetu aliilaza juu ya kitanda, akainama kulitazama lile povu la ndani ya kioo chake, akaniambia, "Mke wangu, tunalala mteremkoni." Akachonga kipande cha mbao, akakisukumia chini ya mguu wa kitanda. Kipo hadi leo. Mimi ni fundi cherehani, na meza yangu ndiyo pekee mtaa mzima ambayo kifungo kikidondoka hakibingiriki. Watu walimcheka, naye akacheka pamoja nao.

Kazi yake ya mwisho aliipata kwa mdogo wangu. Tumezaliwa wawili tu, na huyo nilimbeba mgongoni mama akienda kibaruani. Alisoma, akaajiriwa na mkandarasi anayejenga nyumba za kuishi, akapewa cheo cha msimamizi wa usalama. Siku hizi usalama uko kwenye simu, jamani. Wana programu yao: asubuhi kila fundi anaingizwa, jioni kila fundi anatolewa, jina moja moja, msimamizi awe amemwona mtu huyo kwa macho yake akivuka geti. Jina likiwa ndani linawaka jekundu, likitolewa linakuwa kijani. Hapo ndugu wa fundi naye anatumiwa ujumbe: "Mpendwa wako ametoka saiti salama."

Niliupenda ujumbe ule, siwezi kukataa. Ulikuwa unaingia saa kumi kamili, nami ukilia tu nabandika maji ya kuoga. Balaa ni kwamba maji yalikuwa yakipoa. Mtu katoka saa kumi, anafika nyumbani jua linazama, vumbi hadi kwenye kope.

"Ulikuwa wapi?" nauliza.

"Njiani."

"Njia gani hiyo, au unatambaa kwa magoti?"

Anacheka, ananipaka saruji puani, anaingia bafuni. Nilinuna sana kwa ajili ya huo muda uliokuwa ukipotea. Nikamshtaki hadi kwa mama yake, tunayeishi naye, kwamba mwanao kapata mtu huko. Mama mkwe akaniangalia kuanzia juu hadi chini. "Mtu gani huyo anayemrudisha na saruji masikioni?" akasema. "Niache nichambue mchele wangu."

Siku ile ujumbe uliingia kama kawaida. Maji yakachemka, yakapoa, nikayachemsha tena kwa hasira. Giza likaingia. Nikampigia, simu inaita tu. Nikampigia mdogo wangu, akasema, "Dada, shemeji ametoka zamani. Hapa kwenye simu ni kijani." Nikalala nimegeukia ukutani, nikimpangia maneno ya asubuhi.

Asubuhi mlinzi wa saiti alikuta viatu vya mume wangu kando ya shimo la maji machafu, vimepangwa vizuri, na pima maji juu yake. Shimo lenyewe lilikuwa jipya. Walikuwa wamelifunika kwa zege, wakaacha tundu la kupita mtu mmoja, na ndani mlibaki mbao zilizolishikilia zege lile lilipokuwa bichi. Lazima mtu ashuke azing'oe. Hewa ya humo, iliyofungiwa siku nyingi, ilikuwa imeoza, inaua. Mume wangu walimkuta chini, amekumbatia ubao.

Mkandarasi alikuja. Maiti hakuitazama, alitazama simu. "Huyu alitoka saa kumi, salama salimini," akasema mbele ya watu wote. "Sasa alirudi shimoni peke yake kufanya nini?" Akajijibu mwenyewe kwamba alirudi kuiba mbao. Hapo hapo ikawa ndiyo habari, na ikafika mtaani kabla ya jeneza. Waliokuja kutupa pole walikuwa wananong'ona mlangoni, wakiniona wanakohoa. Mdogo wangu alilibeba lile jeneza akiwa mbele kabisa. Alilia kuliko sisi wote, na hakusema neno.

Aliyevunjika ni mama mkwe. Aliacha kutoka nje, hata dukani akanituma mimi. Siku moja nilimkuta chumbani kwangu amesimama, ameutolea macho mguu wa kitanda.

"Mwanangu," akaniuliza kwa sauti ndogo, "na hiki kipande, alikitoa wapi?"

Nilikwenda uani nikalia. Mwanawe alikuwa amekwisha kufa, na sasa walikuwa wanamuua tena humo ndani, moyoni mwa mama yake.

Mdogo wangu akarudi kazini. Jioni ya siku hiyo nilikuwa kwenye cherehani napinda suruali, simu ikalia. Nikaitazama. Mpendwa wako ametoka saiti salama.

Mguu uliganda kwenye kanyagio. Nikausoma mara ya pili, nikaangalia tarehe, ni ya leo. Mume wangu yuko kaburini, udongo haujashikana, na saa kumi kamili ametoka saiti. Nani kamwona? Kavuka geti gani? Hapo nikaelewa kwa nini maji yangu yalikuwa yakipoa.

Mdogo wangu alipita jioni hiyo kutuangalia, ameshika mfuko wa sukari. Sikumkaribisha ndani. Nilimsimamisha kibarazani nikamnyooshea simu. Alisoma, mfuko ukamponyoka.

"Dada, futa."

"Sema kwanza."

"Kuna kitufe kinachowaingiza wote asubuhi, na kingine kinachowatoa wote kwa pamoja, na jina la shemeji bado limo," akasema. "Saa kumi ikipita kukiwa na jekundu hata moja, ofisini kinalia king'ora, wananitukana. Basi nilikuwa nawatoa wote, halafu wanamalizia kazi. Mafundi wenyewe walijua, wakawa wananitania. Shemeji alisema hatakuambia, usije ukanigombeza."

"Na siku ile?"

"Siku ile nilikuwa nimeshabonyeza. Nikamwambia, shemeji, kabla hujaondoka nitolee zile mbao za shimoni. Halafu nikaondoka." Akajifunika uso. "Uliponipigia nilifungua simu, nikaona kijani. Dada, naapa, niliamini! Mimi mwenyewe ndiye niliyekibonyeza, na bado nikaamini. Futa, nakuomba. Watanifunga. Utabaki na nani?"

Nilikuwa nampenda. Hata pale nilikuwa nampenda, nikitamani kumfuta kamasi kama zamani.

"Nani huyo unayenong'ona naye?" mama mkwe akaita kutoka ndani.

Nikaingia na simu. Mdogo wangu akanifuata hadi mlangoni, akakwama hapo. Nilipiga magoti mbele ya mama mkwe, kwa kuwa hajui kusoma, nikamsomea. Akasema nisome tena. Nikasoma tena, na tarehe.

"Ya leo?" akauliza. "Mwanangu yupi huyo aliyetoka leo?"

"Hakuna aliyetoka, mama. Wanabonyeza tu. Hata siku ile walibonyeza tu."

Mikono yake ililala juu ya ungo wa mchele.

"Kwa hiyo hakurudi kuiba."

"Hakurudi, mama. Hakuwa ametoka. Alitumwa mle shimoni."

"Na nani?"

Mdogo wangu alinitazama vile alivyokuwa akinitazama utotoni, akivunja kitu na kungoja niseme ni mimi. Nilikuwa nasema ni mimi kila mara.

"Na huyu hapa, mama," nikasema. "Na mdogo wangu."

Naye pale mlangoni akateleza kwenye fremu hadi chini. Mama mkwe hakumtukana, wala hakumtazama. Aliweka ungo pembeni, akainuka akishika ukuta, akaingia chumbani kwangu. Tulimsikia akipiga magoti kando ya kitanda. Alikuwa amekishika kile kipande cha mbao, akimwomba mwanawe msamaha.