Matone ya Mabibo

Kuna watu Mungu kawanyima haya, na mmoja wao ni Shamimu. Kikundi chetu cha kina mama wa Rutamba kilikuwa kinachagua juisi moja ya kutengeneza na kuuza Lindi mjini, ya zambarau, machungwa au mabibo, yale matunda ya mkorosho, naye akasimama mbele ya watu.

"Zambarau inaongeza damu, rangi yake tu shahidi. Mabibo ya Fauzia ni ya kupikia pombe ya gongo. Yakidondokea nguo doa halitoki, tumboni je?"

Watu wakacheka. Fauzia, jirani yangu, akainamisha kichwa. Shambani kwake kuna mikorosho tu. Mzambarau hana, mchungwa hana. Mabibo yakikataliwa hana cha kuleta kikundini, na kila msimu, korosho zikishang'olewa, yanamwozea chini. Nilikasirika, nikasimama.

"Yapimwe!" nikasema.

Mwalimu Agnes, anayefundisha sayansi sekondari, akakubali. Siku ya mkutano uliofuata alikuja na iodini na maji ya wanga, akavichanganya katika glasi tatu, zikawa bluu ya kuelekea weusi.

"Tunatafuta vitamini C na wenzake wanaozuia mwili usichakae," akasema. "Juisi itakayoifuta rangi hii kwa matone machache ndiyo bingwa."

Juisi zote akazizimua kwa maji, kipimo kimoja, ili rangi ya zambarau isitudanganye macho.

Tukaanza na hiyo zambarau. Tulihesabu kwa sauti, tukapita thelathini, Shamimu akawa anatazama paa. Chungwa likamaliza kwa kumi na nane.

Zamu ya mabibo, Fauzia alinishika mkono akaubana. Moja. Mbili. Tatu. Tone la nne, weusi ukayeyuka, glasi ikabaki safi.

"Rudia, Mwalimu!" Shamimu akadai.

Ikarudiwa, yakawa yaleyale manne. Kigelegele nilichopiga, nadhani Lindi mjini walikisikia. Fauzia alilia, akacheka, akalia tena.

"Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," nikamwambia Shamimu. Sikumung'unya maneno.

Kura ikapigwa, mikono yote ikaenda juu, hata wa Shamimu, ingawa uliinuka polepole. Tulipokuwa tunatawanyika akamfuata Fauzia.

"Dada Fauzia, kesho nije tuokote pamoja?"

Nilitaka kumjibu mimi. Fauzia akaniwahi.

"Karibu sana, mwenzangu. Ila vaa nguo kuukuu. Doa la mabibo halitoki."